Zebaki ya Taa na Zebaki ya Dhahabu

Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, ambao nchi yetu iliutia sahihi mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020, umefika sasa mahali ambapo utamgusa kila mwenye ofisi, kila mwalimu mkuu na kila mwenye duka. Mkataba huo umeweka kikomo cha kutengeneza taa zenye zebaki na kuzisafirisha baina ya nchi na nchi. Kwa zile balbu ndogo zilizosokotwa, ambazo wenye maduka huziuza kwa sifa ya kubana umeme, kikomo ni mwisho wa mwaka 2025. Kwa zile taa ndefu nyeupe za mirija, ambazo mafundi wetu huziita tyubu, hata zile za aina bora hazitavuka mwisho wa mwaka 2027. Uamuzi wa kwanza ulipitishwa katika mkutano wa Bali, Indonesia, mwezi Machi 2022, na wa pili huko Geneva mwaka 2023. Na yapasa isemwe wazi kwamba waliosimama mbele kuudai walikuwa wajumbe wa Afrika.

Si mara nyingi katika mikutano mikubwa ya dunia Waafrika wadai jambo na wengine wafuate. Safari hii ndivyo ilivyokuwa, na sababu yake ni rahisi kuifahamu. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikuwa zikijiandaa kuzifukuza taa hizo katika masoko yao, na mwaka 2023 zikazifukuza, kwa kuwa taa za LED zisizo na zebaki zilikuwa zimekwisha kuwa nafuu na kudumu zaidi. Lakini marufuku ile ilihusu maduka ya kwao tu. Haikumzuia mwenye kiwanda kuendelea kutengeneza taa zile zile na kuziuza kwa wengine. Wajumbe wa Afrika wakaona dhahiri kwamba bidhaa iliyokataliwa na tajiri ingetafuta njia ya kuja kwetu kwa bei ya kuvutia, na kwamba baada ya miaka michache sisi ndio tungekuwa jaa lake.

Mlango wa kuingilia, basi, umefungwa, au unafungwa. Swali tunalotaka kulizungumza leo ni lile la taa zilizokwisha kuingia. Marufuku hayamkatazi mtu kuitumia taa aliyo nayo mpaka iishe. Zimo darini mwa wodi za hospitali, madarasani, katika karakana, benki, mahakama, na katika ofisi za halmashauri zenyewe, kuanzia Shinyanga mjini hadi Kahama, na kutoka Kahama hadi Geita. Zitakufa moja baada ya moja katika miaka hii michache, na kila moja itashushwa na fundi au mhudumu. Je, ataipeleka wapi? Mahali pengi jibu la leo ni kwamba itasimamishwa pembeni mwa stoo mpaka ianguke, au itatupwa katika pipa la taka, ivunjike humo, na vipande vyake vikatiwe moto jalalani pamoja na maganda ya ndizi.

Twajua kwamba msomaji wetu wa Nyarugusu au Rwamagasa atakaposoma maneno haya atacheka. Atasema: Mnatuhubiria zebaki iliyomo ndani ya taa sisi ambao tunaishika zebaki kwa viganja? Kicheko hicho ni cha haki, na yafaa kijibiwe kwa hesabu kabla ya jambo lingine lolote.

Taa ya mrija ya kawaida ina zebaki ya kiasi cha miligramu tano. Za zamani zilikuwa na nyingi zaidi, na zile balbu ndogo zilizosokotwa aghalabu zina pungufu. Miligramu elfu moja ndizo gramu moja. Basi gramu moja ya zebaki ni sawa na mirija mia mbili. Sasa tumtazame mchenjuaji wa mwaloni. Amesaga mawe kwenye karasha, ameosha unga wake, ametia zebaki katika karai na kuikanda kwa mikono mpaka ikakamata chembe za dhahabu, kisha ameikamua katika kitambaa na kupata donge lenye rangi ya fedha. Donge hilo, karibu nusu yake huwa ni zebaki. Likiwa na uzito wa gramu kumi, hapo pana gramu tano za zebaki, naye ataliweka juu ya makaa ya moto, penye uwazi, mara nyingine nyuma ya nyumba anamolala, mpaka zebaki yote igeuke mvuke na kubaki dhahabu. Donge moja dogo, kwa dakika chache, limetoa hewani zebaki ya mirija elfu moja.

Hiyo ndiyo hesabu, na hatutaki kuificha. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, katika taarifa yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba shughuli za wanadamu zilitoa angani zebaki ipatayo tani 2,220 katika mwaka 2015, na kwamba asilimia 38 hivi ilitokana na uchimbaji mdogo wa dhahabu, kuliko chanzo kingine chochote. Mwenye kutaka kuipunguza zebaki katika ukanda huu hana budi kuanzia kwenye maduara na mialo. Kama ingelikuwa lazima kuchagua moja kati ya mambo mawili, tungesema taa zingoje.

Lakini si lazima kuchagua, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Zebaki ya dhahabu ni mkate wa watu. Kumnyang'anya mchimbaji chupa yake ya zebaki bila kumpa njia nyingine ni kumnyang'anya chakula cha watoto wake, na kila kiongozi aliyejaribu kutoa amri tupu katika machimbo anajua amri hiyo ilikoishia. Zebaki ya taa iliyokufa si mkate wa mtu yeyote. Hakuna familia itakayolala na njaa kwa sababu tyubu mbovu zimekusanywa na kufungiwa katika pipa. Wala mwenye taa hizo si maskini asiye na anwani. Kwa sehemu kubwa ni Serikali yenyewe, mashirika ya umma, hospitali, mabenki na makampuni makubwa ya migodi. Jambo hilo wanaliweza. Nao wasipolifanya hilo lililo jepesi, kwa uso gani watamwendea mchimbaji wa Mgusu na kumwambia aache lile lililo zito?

Mchimbaji si mjinga. Amewaona maofisa wakifika na vipaza sauti na vijitabu vyenye picha za mafuvu. Akienda zahanati akaona mhudumu anafagia vipande vya tyubu kwa ufagio wa chelewa na kuvitupa shimoni nyuma ya jengo, atajua kwamba somo lile lilikuwa lake peke yake.

Yafaa tueleze kwa ufupi namna taa hiyo inavyofanya kazi, kwa kuwa wengi huchanganya mambo. Globu ya zamani, ile yenye uzi mwembamba unaowaka ndani ya kioo, haina zebaki hata kidogo. Ikivunjika, hatari yake ni kukata kidole. Taa ya LED nayo haina zebaki, ingawa ndani yake mna vipande vya elektroniki ambavyo si vya kutupa ovyo. Taa ya mrija ndiyo yenye zebaki, pamoja na ile balbu iliyosokotwa, ambayo kwa hakika ni mrija uliokunjwa. Umeme hupita katika mvuke wa zebaki uliomo ndani. Mvuke huo hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, na unga mweupe uliopakwa upande wa ndani wa kioo huigeuza mionzi hiyo kuwa mwanga. Kwa hiyo maadamu kioo ni kizima, taa hiyo haimdhuru mtu. Ubaya wake wote huanza siku ya kuvunjika, na siku hiyo aghalabu haiji mikononi mwa aliyeinunua, bali mikononi mwa mfagiaji, mzoa taka, au mtoto aliyeiokota jalalani akaifanya upanga wa kuchezea.

Historia ya taa hizi imekwisha kuonyesha ni nani hulipa. Katika miaka ya 1940, huko Salem katika jimbo la Massachusetts, Marekani, wafanyakazi wa kiwanda cha taa za mirija, wengi wao wanawake vijana, walianza kuugua mapafu kwa maradhi yasiyojulikana. Mkosaji hakuwa zebaki wakati ule bali madini ya berili yaliyokuwamo katika ule unga mweupe. Watu walikufa kabla ya watengenezaji kukubali, mwaka 1949, kuacha kuyatumia madini hayo. Taa yenyewe ilikuwa ikisifiwa duniani kote kuwa ni mwanga wa zama mpya, na sifa hiyo haikuwa uongo; bei yake tu ndiyo iliyotozwa kwa watu wasiotajwa katika matangazo.

Na jina hili la Minamata, ambalo sasa limekuwa jina la mkataba, lilikuwa kwanza jina la mji wa wavuvi katika wilaya ya Kumamoto nchini Japani. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga baharini maji machafu yenye zebaki, samaki wakaila, na watu wakawala samaki. Paka walionekana wakirukaruka na kuanguka kama walioingiwa na wazimu. Kisha wakafuata watoto. Maradhi yale yalitangazwa rasmi tarehe 1 Mei 1956. Mwaka 1959 daktari wa kampuni yenyewe, Hosokawa Hajime, alimlisha paka maji machafu ya kiwanda, na paka yule akapatwa na dalili zile zile. Matokeo yakafichwa. Kiwanda kikaendelea mpaka mwaka 1968. Miaka kumi na miwili ilipita kati ya kutangazwa kwa maradhi na kukoma kwa sumu, na katika miaka hiyo walizaliwa watoto waliokwisha kulemaa tumboni mwa mama zao.

Kuna uzi unaounganisha mji ule na nchi yetu, ambao si wengi wanaoujua. Daktari Harada Masazumi wa Kumamoto, aliyewachunguza wagonjwa wa Minamata kwa miaka mingi, alifika kandokando ya Ziwa Victoria katika miaka ya 1990 pamoja na wenzake, wakapima nywele za wavuvi na za wachimbaji wa dhahabu wa Tanzania. Waliyoyaona yanastahili kukumbukwa, kwa sababu hayaendi sambamba na uvumi. Samaki wa ziwa, kwa sehemu kubwa, hawakuonekana kuwa na zebaki ya kutisha. Kwa hiyo asitokee mtu wa kumharibia mvuvi wa Geita biashara yake kwa maneno ya kuokota. Na baadhi ya watu waliokutwa na zebaki nyingi mno katika nywele hawakuipata ziwani wala machimboni. Waliipata katika sabuni za kung'arisha ngozi. Zebaki huja kwa milango mingi, na mingine inapambwa kwa manukato.

Machimboni penyewe mambo yalikuwa mengine. Utafiti wa afya uliofanywa Rwamagasa mwaka 2003, chini ya mradi wa Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa, uliwakuta wachomaji wa madonge ya dhahabu, kiasi cha mmoja katika kila wanne, wakiwa na dalili za kudhurika kwa zebaki. Katika watu wa Katoro waliopimwa kwa kulinganishwa nao, hakuonekana hata mmoja. Katoro na Rwamagasa si mbali. Tofauti iliyokuwapo ni moto ule na mvuke wake. Dalili zenyewe hazina kishindo: mikono hutetemeka, usingizi hupungua, mtu mpole hugeuka mkali bila sababu, kumbukumbu hupotea, fizi huuma. Mara nyingi jamaa husema ni pombe, au husema amerogwa.

Haya yote twayasema ili ieleweke kwamba zebaki ya taa haiingii katika nchi iliyo safi. Mfagiaji wa hospitali ya Geita anayevuta mvuke wa tyubu iliyovunjika anaweza kuwa ndiye yule yule ambaye mume wake anachoma dhahabu jioni. Mwili haumwulizi zebaki imetoka wapi, bali huijumlisha. Wazungu walioandika vijitabu vya taa hizi waliviandika kwa ajili ya mtu ambaye katika maisha yake yote hakutani na zebaki ila siku balbu imemwangukia. Kwa mtu huyo kweli hatari ni ndogo, na wala hatutaki kumtia mtu hofu kwa balbu moja. Lakini stoo yenye mirija mia tatu iliyovunjikavunjika, ambamo mlinzi hulala usiku kwa kukwepa baridi, ni jambo jingine.

Sheria hatuna upungufu wake. Kuna Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayompa Mkemia Mkuu wa Serikali mamlaka juu ya zebaki. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iliyokubali kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipaye. Na mwaka 2021 zilitungwa kanuni za taka hatari, na nyingine za taka za umeme na elektroniki, ambazo NEMC inapaswa kuzisimamia. Kinachokosekana ni pipa. Twasema pipa kwa maana yake ya kawaida kabisa: chombo chenye kifuniko, kilichowekwa mahali panapojulikana, na mtu anayehusika nacho kwa jina lake.

Tuanze na mfanyakazi, kwa maana ndiye atakayeshika kioo. Mrija uliokufa ushushwe mzima, urudishwe katika karatasi ngumu iliyotoka na ule mpya, na usifungwe kwa kamba pamoja na mingine hata ikagongana. Usivunjwe kwa makusudi ili upate nafasi, wala usitupwe chooni au kuchomwa. Ukivunjika, watu watoke chumbani, hasa watoto na mama wajawazito, madirisha yafunguliwe, na feni isiwashwe. Ingojewe robo saa. Ufagio usiguswe, kwa kuwa ufagio huusambaza unga na kurusha vumbi lake. Vipande vikusanywe kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, na aliyekusanya awe amevaa glavu. Unga uliobaki uinuliwe kwa utepe wa gundi, kisha sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi, na kila kitu pamoja na kitambaa hicho kitiwe katika chupa au mkebe wenye kifuniko cha kukaza. Halafu mikono ioshwe. Hakuna katika haya jambo linalohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Linahitaji msimamizi anayekubali kwamba dakika ishirini za mhudumu si dakika zilizopotea, na kununua glavu kabla ya kuambiwa mara tatu. Chama cha wafanyakazi mahali pa kazi kina haki ya kuliuliza hili katika mkutano wake, nasi tungependa kusikia kwamba limeulizwa.

Baada ya hapo yaja swali la safari. Kiwanda cha kusindika taa hizo hufanya kazi ambayo kwa maelezo ni nyepesi: mirija hupondwa ndani ya mtambo uliofungwa ambao hunyonya hewa yake, kioo hutengwa na vichwa vya aluminiamu, unga hukusanywa peke yake na kupashwa moto mpaka zebaki itoke kuwa mvuke, na mvuke hupozwa ukarudi kuwa zebaki. Kioo na aluminiamu huuzwa tena. Si lazima Shinyanga ijenge mtambo wake. Taa za mikoa miwili hazitoshi kuulisha. Lakini jirani zetu wa Rwanda wana kiwanda cha taka za elektroniki wilayani Bugesera, na Shinyanga imebahatika kuwa na bandari kavu ya Isaka, ambako malori hupakia mizigo na kupita Kahama kuelekea Rusumo. Barabara ipo, malori yapo, na mengi hurudi nyuma na mbele kila wiki. Mikataba ya Basel na ya Bamako, ambayo nchi yetu ni mwanachama wa yote miwili, inaweka masharti ya kuvusha taka hatari mpakani, yaani taarifa, ridhaa na hati. Hayo ni makaratasi ya Serikali mbili kuzungumza, nayo yangeweza kuanza kuzungumzwa mwaka huu.

Kabla ya safari patakiwa ghala. Mgodi wa Buzwagi hapo Kahama ulimaliza uzalishaji wake mwaka 2021, na eneo lake likaelekezwa kuwa eneo maalumu la uchumi. Sehemu yenye sakafu ya saruji, paa na lango lenye mlinzi haikosekani hapo. Upande wa Geita, kampuni ya mgodi mkubwa iliyoanza kuzalisha mwaka 2000 inajua kutunza kemikali kali kuliko taa, na haitakuwa fedheha kwa halmashauri kukaa nayo mezani na kuomba ghala moja litumike kwa taa za mji mzima. Makampuni ya migodi hupenda kupiga picha mbele ya darasa lililopakwa rangi. Darasa ni jema. Lakini ghala la taa halina picha nzuri, na kwa sababu hiyo hiyo yapasa liombwe kwa sauti.

Kuhusu maduka, hatuoni haja ya kubuni jambo jipya. Kila mwenye duka Katoro na Masumbwe anajua kreti ya soda: chupa tupu ndiyo inayokupa chupa iliyojaa, na asiye na tupu huweka fedha ya dhamana. Kwa desturi hiyo mamilioni ya chupa hurudi kiwandani kwa uaminifu ambao hakuna polisi anayeusimamia. Basi anayeleta tyubu iliyokufa na apunguziwe bei ya taa ya LED, na punguzo hilo alilipe mwagizaji wa taa, ambaye kwa miaka mingi amepata faida ya kuziingiza bila kuulizwa zinakwenda wapi. Hiyo ndiyo maana ya kanuni ya mchafuzi kulipa. Kama mwagizaji atasema gharama hiyo itamshinda, aonyeshe vitabu vyake.

Jambo hili lina mfano wa kujifunzia karibu nasi. Mwaka 2007, wakati umeme ulipokuwa haba, Uganda iligawa balbu za kubana umeme zipatazo 800,000 nyumba kwa nyumba, watu wakitoa globu za zamani na kupewa mpya. Kazi ya kugawa iliandaliwa vizuri na umeme ukaokolewa. Serikali inayoweza kumfikia mwananchi mlangoni ili kumpa balbu inaweza pia kumfikia ili kuichukua. Ni njia ile ile, watu wale wale, daftari lile lile. Kosa la zama zile, si la Uganda peke yake, lilikuwa kupanga siku ya furaha na kuisahau siku ya maziko.

Na mchimbaji je? Hatukumsahau. Mkataba umetaja mambo manne ambayo nchi zinapaswa kuyakomesha: kutia zebaki katika mawe yote yaliyosagwa badala ya unga uliokwisha kuoshwa, kuchoma donge mahali pa wazi, kulichoma penye makazi ya watu, na kutia sainaidi katika marudio yenye zebaki bila kuitoa kwanza. Hilo la nne ndilo linaloenea katika ukanda wetu bila kelele, kwa sababu mchimbaji huyauza marudio yake kwa mwenye mtambo, na mwenye mtambo hamwulizi yametokea karai la nani. Vituo vya mfano vya STAMICO, cha Lwamgasa mkoani Geita na cha Katente wilayani Bukombe, vilijengwa ili kuonyesha kwamba dhahabu zaidi hupatikana bila zebaki. Lakini kituo cha mfano humfaa tu yule mwenye mzigo wa kutosha kupeleka na subira ya kungoja siku kadhaa. Mwenye karai moja na deni la unga dukani hana subira hiyo. Kwa huyo, chombo cha kuchomea kilichofunikwa, chenye bomba la kupoza mvuke na kurudisha zebaki ndani ya maji, chaweza kuokoa zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za zebaki yake, ambayo ni fedha yake pia. Fundi wa kuchomea vyuma wa Geita anaweza kukitengeneza.

Tangu bei ya dhahabu ilipopita dola 4,000 kwa wakia mwezi Oktoba 2025, hakuna mwenye akili atakayetarajia kwamba watu watapungua katika maduara. Wataongezeka, na zebaki itazidi kupita njia za panya kuwafuata. Soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa mwezi Machi 2019 na kuwa la kwanza nchini, limeonyesha kwamba mchimbaji mdogo huja kwenye utaratibu akiona una manufaa kwake. Mahali pale pale anapouza dhahabu panaweza kuwa mahali pa kuchomea donge lake bure, chini ya dohani lenye kichujio, badala ya nyuma ya jiko la mke wake. Hilo ni la Tume ya Madini kulitafakari, na twatumaini halitawekwa katika jalada.

Lakini la taa halingoji Tume, wala mkopo, wala mtaalamu. Halmashauri za Geita, Kahama na Shinyanga huandaa makadirio yao kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Madiwani watakapokaa, wamwombe mganga mkuu na afisa elimu walete hesabu ya mirija iliyomo katika majengo yao, idadi iliyokufa tangu mwaka jana, na mahali ilipo.